Blenda ya Kariakoo yenye chujio: kwa smuthi ya mboga, litoe hilo chujio!

Mambo vipi jamani, karibuni tena jikoni. Leo nimeishusha ile blenda mliyokuwa mnaiulizia. Mimi nafundisha chapati, nyie maoni yote ni "dada, hiyo blenda nyuma yako shilingi ngapi?" Haya, hii hapa. Jina nimelibandikia karatasi, mnaona, kwa sababu hakuna aliyenilipa na sitaki kesi na mtu. Na wala jina halisaidii, maana ukizunguka Kariakoo mitaa miwili tu utaikuta hii hii, umbo hili hili, rangi hii hii, kila duka na jina lake.

Mambo ya kwenye boksi siyasomi. Wati, lita, spidi mbili, kile kitufe cha kushtua, kile kinachosaga kwa vipindi vifupi vifupi, mnavijua. Plagi ni pini tatu, huhangaiki na adapta. Tumemaliza.

Ninachotaka tukijadili leo ni hiki. Mdogo wangu, sogeza kamera. Karibu zaidi. Hiki kidude kirefu cha wavu kinachosimama katikati ya jagi. Hili ndilo chujio, na ndilo lililoniudhi mpaka nikasema leo lazima nirekodi.

Yule kijana dukani alilisifia hili kuliko hata mota. "Dada, hii ina chujio, juisi inatoka safi, hata mbegu huioni!" Na kwa pasheni, sikatai, yuko sahihi. Unatia pasheni zako katikati, maji, unasaga, unamimina, mbegu zinabaki ndani. Ukwaju vivyo hivyo. Lakini nilimwambia kabisa mimi nataka blenda ya smuthi, ya matunda na mboga za majani. Akaniambia hii ndiyo yenyewe. Sasa tuone kama ndiyo yenyewe.

Vitu vyetu: fungu moja la mchicha, majani tu, mashina weka pembeni utapikia. Ndizi mbivu moja. Nanasi, nimepata la Kiwangwa, sikieni harufu, aa, hamuwezi kusikia, basi niamini. Robo ya parachichi. Tangawizi kipande kidogo. Ndimu. Sukari hakuna, na asali hakuna, ndizi inatosha.

Kabla hatujasaga, mchicha. Hapa msiniruke. Mboga nyingi tunazokula Dar zinalimwa mabondeni, bonde la mto Msimbazi likiwemo, ambako maji si safi, na siku zote tumezoea kuupika huu mchicha. Leo hatuupiki, unaingia kwenye glasi. Kwa hiyo osha jani moja moja kwenye maji yanayotiririka, halafu mimi huuchovya kwenye maji yanayochemka, nusu dakika hivi, natoa, namwagia maji baridi. Hayo maji ya moto usiyatumie tena, mwaga. Vijidudu vinapungua, na ile oksaleti iliyo kwenye mchicha, inayochangia mawe kwenye figo, nayo inapungua. Wenye historia ya mawe kwenye figo wanaijua hiyo oksaleti, na hao nawashauri wamuulize daktari wao kabla ya kunifuata mimi. Maji ya kusagia yawe yaliyochemshwa, na barafu iwe ya maji hayo hayo.

Kuna mtu atauliza kisamvu. Hapana! Kisamvu kibichi hakisagwi kwenye blenda ukanywa. Kina sumu ya sianidi, ndiyo maana bibi zetu wanakitwanga na kukichemsha muda mrefu. Matembele nayo yaachieni sufuria.

Haya, raundi ya kwanza, kwa chujio, kama alivyoelekeza kijana. Natia vyote ndani ya wavu. Maji. Mfuniko. Washa.

Mnasikia hiyo sauti? Hiyo ni parachichi na ndizi zimeganda kwenye wavu. Visu vinazunguka hewani, chakula kimepanda juu kimekaa. Nazima, nasukuma na mwiko, nawasha tena. Kile kile. Naongeza maji, sasa hapa hata smuthi imeshaharibika, maji yamezidi, lakini twende.

Tumimine. Leta glasi kwenye mwanga. Angalieni jamani. Maji ya kijani, mepesi. Nzuri kwa macho, sikatai, mgeni ukimpa atakusifu. Sasa nafungua chujio. Mdogo wangu, njoo hapa juu kabisa. Mnaona? Mchicha wote uko humu. Ndizi iko humu. Parachichi sijui hata kama liliingia kwenye glasi. Tuweke kwenye mzani. Gramu 210 za makapi! Na vitu tulivyotia, bila maji, vilikuwa gramu 450. Karibu nusu ya hela yangu ya sokoni inakwenda kwa kuku wa jirani.

Na kinachobaki kwenye hayo makapi ndicho ulichokuwa unakitafuta, nyuzinyuzi. Zile ndizo zinashibisha, ndizo zinasaidia choo, ndizo zinafanya sukari isikimbilie kwenye damu kwa mkupuo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na sukari ya kwenye juisi ya matunda wanaiweka kundi moja na asali na sukari ya kuongeza, ya kupunguza. Sasa wewe unachuja, unatupa mboga, unakunywa maji yenye sukari ya nanasi, halafu unaandika "detoksi" kwenye stetasi. Ini na figo zako zinafanya hiyo kazi ya kutoa sumu mwilini bila malipo, shoga.

Nanawa mkono kidogo. Wakati nanawa, tangazo: kuanzia wiki ijayo video zinatoka Alhamisi jioni, siyo Jumapili tena, Jumapili nyie wote mko kwenye mpira. Na maiki mpya imefika, mtaniambia kama mnanisikia vizuri.

Raundi ya pili. Chujio pembeni. Mwanzo natia maji na mchicha peke yake. Usitie matunda bado! Majani yasagike mpaka usione vipande, ndipo ndizi, nanasi, parachichi, tangawizi. Ndimu mwishoni, vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha. Nawasha dakika moja, nazima, naiacha ipumue, hizi mota ndogo ukizikalia dakika tano mfululizo utasikia harufu ya waya. Barafu ndogo ndogo, nagusa kitufe cha kushtua.

Sasa sikilizeni hiyo sauti. Tulivu. Kumbe mota haina shida hata kidogo! Yaani nilikuja hapa kuisema vibaya hii blenda, na mota yake naipenda. Mimina... nzito, kijani cha embe bichi, hakuna hata jani la kutafuna. Hii unainywa saa moja asubuhi, saa tano bado hujakumbuka chapati.

Maziwa? Ukitia nanasi au papai ambalo halijapikwa, maziwa yakikaa kidogo yanakuwa machungu, kuna kimeng'enya kinachovunja protini. Tumia maziwa siku ya embe. Na tikiti au zambarau usichanganye na mchicha, ladha itakuwa sawa ila rangi ni tope, watoto hawatagusa. Unga wa ubuyu kijiko kimoja, hapo ndiyo, una vitamini C na nyuzinyuzi humo humo. Wenye kisukari, ndizi nusu, parachichi ongeza, glasi iwe ndogo. Na mnaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, mboga za kijani zina vitamini K nyingi, msianze ghafla bila kuongea na daktari.

Halafu kuna vile viblenda vya kuchaji, vya kubeba kwenye pochi. Kuna mwenzetu mmoja, simtaji, anavisifu kila wiki. Kwa ndizi na maziwa sawa. Tia mchicha uone, majani yanajisokota kwenye kisu kinasimama. Usinunue kwa kazi hii.

Bei sasa. Hii yenye chujio nilitajiwa 75,000, nikaondoka nayo kwa 68,000. Pembeni yake ilikuwepo ndugu yake, mota ile ile, jagi lile lile, bila chujio, 55,000. Ina maana hiki kiwavu nimelipia elfu kumi na tatu, na kukiosha ni kazi ya mswaki wa meno, nusu saa. Kama kwenu mnauza juisi ya pasheni, au Ramadhani mna wageni kila magharibi, lichukue, litakufaa. Kama ni smuthi ya mboga, chukua ile ya 55,000, hela inayobaki peleka Buguruni ukanunue matunda. Mkiwa dukani mwambieni aiwashe mbele yenu na maji ndani, na mguse chini ya jagi kama kunavuja. Akikataa kuwasha, hama duka.

Wenye hii hii nyumbani, toeni chujio kesho asubuhi mtengeneze, halafu mniambie hapo chini mmetumia majani gani. Kuna mtu aliniandikia majani ya maboga, nataka nijue yalitokaje. Alhamisi tunapima vinu vya kusagia viungo, na hiyo nayo nina maneno nayo. Haya, mdogo wangu zima, njoo unywe.