Vifungashio vinavyozuia chakula kuharibika: kipi ununue kwanza ukiwa Tanga

Kwa hali ya hewa ya Tanga, adui mkubwa wa chakula kikavu ni unyevu, na hewa inafuatia. Korosho zilizokaangwa vizuri zikifungwa kwenye nailoni nyepesi hulegea, kisha mafuta yake huchacha. Iliki ya Amani hubaki na rangi yake lakini harufu imekwenda. Ndiyo maana tunasisitiza: nunua mfuko mzuri kabla ya teknolojia yoyote. Nailoni ya kawaida hupitisha oksijeni hata kama haina tundu. Tafuta mfuko wenye tabaka la alumini, au ule mgumu wa matabaka unaotumika kwenye mashine za vakyumu, yaani zinazofyonza hewa mfukoni.

Baada ya mfuko, nafasi ya kwanza ni vipakiti vya kunyonya oksijeni. Ndani yake mna ungaunga wa chuma na chumvi kidogo. Chuma kinaposhika kutu, kinaimaliza oksijeni iliyobaki mfukoni. Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni. Mfuko wa lita moja wenye korosho nusu kilo hubaki na hewa karibu nusu lita, hivyo ukiukamua kwanza, kipakiti cha cc 100 (kinachonyonya mililita 100 za oksijeni) kinatosha. Usipoukamua, panda saizi inayofuata. Fungua bando la vipakiti ukiwa umeshajaza mifuko yote, na maliza kuziba ndani ya dakika 15 hivi. Vinavyobaki virudishe haraka kwenye chupa ndogo yenye mfuniko unaobana. Kukagua ni kwa vidole: kizima ni laini na unga unacheza, kilichokwisha kazi ni kigumu kama jiwe. Kama huna mashine ya kusili, pasi ya moto wa wastani huziba mfuko wa alumini vizuri, ilimradi mdomo umefutwa vumbi na mafuta.

Tahadhari hii ni ya uhai. Usitumie vipakiti hivi kwa chakula chenye unyevu. Dagaa akikunjwa avunjike. Akipinda tu, mrudishe juani. Bakteria wa botulini hustawi pasipo oksijeni, na sumu yake inaua bila kubadilisha harufu wala ladha.

Nafasi ya pili ni mashine ya vakyumu, hasa kwa anayenunua samaki wengi kwa mpigo pale soko la samaki la Deep Sea. Mashine ndogo za nyumbani zinahitaji mifuko yenye mistari iliyoinuka upande mmoja. Ile laini pande zote haitoi hewa, na hapo ndipo wengi hudhani mashine ni mbovu. Maji yakifika mdomoni, sili haishiki. Gandisha vipande vya samaki kwenye sinia kwa saa moja au mbili kwanza, acha nafasi ya sentimita 7 juu, kisha piga sili mara mbili. Kambamiti wakate ule mwiba wa kichwani, la sivyo utatoboa mfuko. Baada ya hapo ni friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Friji ya kawaida haitoshi, kwa sababu ile ile ya botulini. Ukitaka kuyeyusha, chana mfuko kwanza.

Silika, vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, inashika nafasi ya tatu: nzuri kwa bizari na mboga kavu. Chagua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba unyevu. Ya bluu ina kobalti, isikaribie chakula, na vile vifuko vya kwenye maboksi ya viatu navyo viache.

Vifuko vya kunyonya ethilini, gesi inayoivisha matunda, husaidia ndizi, maembe na parachichi. Mchuuzi wa machungwa ya Muheza asitupe hela hapa. Chungwa haliendelei kuiva likishachumwa. Kinacholiozesha ni ukungu unaoingilia kwenye mchubuko.

Mwisho kabisa ni lebo zinazobadilika rangi kwa joto, ndugu wa ile alama ya mraba ndani ya duara kwenye chupa za chanjo kliniki. Hazihifadhi kitu, zinatoa taarifa tu. Ukiagiza, uliza kama zina namna ya kuanzishwa wakati wa kubandika. Zisizo nayo huhesabu joto tangu kiwandani, na zikisafiri kwenye buti la basi zinaweza kufika zimeshageuka.