Kingamwili ya GSK-3β (serini 9): nzuri, ila isikutane na maziwa

Kingamwili hii ya sungura, ya kutambua protini kwenye utando (western blot), hukishika kimeng'enya GSK-3β pale tu serini (asidi amino) yake ya 9 inapobeba fosfeti, yaani kimeng'enya kikiwa kimezimwa. Kwa wanaochunguza saratani, au kazi ya lithiamu katika ugonjwa wa baipola, inaaminika kabisa. Izimue 1:1000 katika albumini ya 5%, usiku kucha, nyuzi 4 za Selsiasi. Mstari hutokea safi karibu na kilodaltoni 46 (kipimo cha uzito wa protini). Maziwa kama mbadala wa albumini yaepuke: kaseini, protini yake, ina fosfeti, na utando wote huweza kuingia weusi. Sampuli zisizotiwa sodiamu floridi hupoteza ishara, kwani fosfatesi huendelea kung'oa fosfeti. Ila isitumike kuthibitisha njia ya Wnt (mfumo wa ishara za seli)! GSK-3β iliyofungamana na Axin, protini ya njia hiyo, haidhibitiwi kupitia serini hiyo. Huko pima beta-katenini, protini ambayo njia hiyo huidhibiti.