Skana ya ELM327 ya Bluetooth: inasaidia kiasi gani gari likitoka gereji na kukataa kuvuta?

Gari limeingia gereji kubadilishwa gasketi ya kichwa au kusafishwa throto (mlango unaoingiza hewa kwenye injini). Limetoka linawaka vizuri, lakini likifika barabarani resi hazipandi, taa ya cheki injini imewaka na gia imeganda ya tatu. Hapo kompyuta inabana nguvu makusudi ili kuilinda injini, kwa sababu kuna taarifa inayoipokea isiyoaminika. Kwa kazi ya kujua taarifa hiyo ni ipi, skana ndogo ya ELM327, inayosoma kompyuta ya gari, ikiunganishwa na programu ya Car Scanner au Torque kwenye simu inatosha kwa magari mengi ya petroli. Ina upungufu mkubwa wa aina mbili, nao nitaueleza, maana anayenunua bila kuujua atailaumu skana bure.

Tuanze na kuchagua. ELM327 ilikuwa chipu ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, iliyofunga mwaka 2022. Karibu zote zinazouzwa kwa bei ya chini ni nakala. Boksi litaandikwa v1.5 au v2.1. Elm hawakuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini nakala nyingi zenye namba hiyo hujibu amri nyingi zaidi kuliko za 2.1, ambazo mara nyingi zimepunguzwa. Kwa hiyo namba kubwa isikushawishi. Mwenye iPhone achukue ya Wi-Fi au ya Bluetooth LE. Ile ya Bluetooth ya kawaida haitafanya kazi na programu hizi kwenye simu yake.

Chomeka kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, fungua swichi hadi ON. Taa ya skana isipowaka kabisa, kagua fyuzi ya OBD (mfumo wa kujipima wa gari) kabla ya kusema skana ni mbovu, kwani tundu namba 16 linatakiwa kuwa na umeme wa betri muda wote.

Soma misimbo (namba za hitilafu) yote, pamoja na ile inayosubiri kuthibitishwa, kisha fungua data iliyogandishwa. Usifute chochote bado. Ile data inaonyesha resi, mwendo, joto la maji na mzigo wa injini wakati hitilafu inarekodiwa, na ukibonyeza kufuta inaondoka pamoja na misimbo. Inasikitisha kuona gereji zinafuta kwanza halafu zinaanza kubahatisha sensa.

Msimbo unataja saketi, hautaji kipuri cha kununua. P0102 ikitokea baada ya kubadilisha filta ya hewa, mara nyingi soketi ya sensa ya hewa haikurudishwa ikalia “tak”. P0340 (sensa ya kemu) au P0335 (sensa ya kranki) baada ya injini kufunguliwa, tafuta soketi iliyolegea, waya uliobanwa na bolti, au waya wa erthi ulioachwa bila kufungwa kwenye kichwa cha injini. P0016 baada ya kubadilisha cheni ya taimingi ni suala zito zaidi: kranki na kemu hazikubaliani, na mara nyingi ni alama zilizofungwa vibaya. Usiendelee kuendesha, na usikimbilie kununua sensa.

Thamani yenyewe ya skana hii iko kwenye data ya moja kwa moja. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, joto la maji na joto la hewa vinatakiwa kukaribiana. Kwenye Toyota, joto la maji likisoma −40 maana yake saketi imekatika. Likisoma karibu 140 wakati injini ni baridi, kuna waya zilizogusana. Chomoa soketi ya sensa: isome −40. Unganisha zile waya mbili za soketi kwa kipande cha waya: ipande hadi karibu 140. Ikifanya hivyo waya na kompyuta ni nzima, sensa ndiyo imekufa. Kipimo hiki kinachukua dakika chache na kinazuia hela kupotea.

Sensa ya mgandamizo wa hewa, swichi ikiwa ON na injini imezimwa, isome karibu kPa 100 Dar es Salaam au Mombasa, na karibu 82 Nairobi kwa sababu ya mwinuko. Injini ya petroli isiyo na tabo ikikaa sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta), ishuke hadi 30 na kidogo. Kwenye P0171 (hewa nyingi kuliko mafuta), jumlisha masahihisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu: yakiwa asilimia +25 kwenye sailensi na kushuka ukipiga resi hadi 2,500, hewa inaingia kwa pembeni, kwa kawaida kwenye gasketi ya intake au mpira ambao haukubanwa. Yakizidi kupanda kadri mzigo unavyoongezeka, angalia sensa ya hewa iliyochafuka au pampu dhaifu.

P2135 na P2138 zinahusu throto na pedali. Toyota nyingi zikipata hitilafu ya throto hukata umeme wa mota, na springi huacha mlango wazi kama digrii 6 tu, ndiyo maana gari linatambaa. Hapa shika testa: pedali ina ishara mbili za sensa yake, VPA na VPA2; ikiwa huru, VPA iwe kati ya volti 0.5 na 1.1, VPA2 kati ya 1.2 na 2.0. Kanyaga polepole hadi mwisho. Zote mbili zipande pamoja bila kuruka.

Sasa upungufu wa kwanza. Magari ya soko la Japani, hasa yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 2000, mengine hayazungumzi OBD2 ya kawaida. Chagua wasifu wa Toyota JDM (Toyota za soko la Japani) ndani ya Car Scanner. Ikigoma, nakala ya v2.1 ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Wa pili ni dizeli. Kwenye 1KD, injini ya dizeli ya Prado na Hilux, skana itasoma P1229 au P0087 (hitilafu za presha ya mafuta) na kuonyesha presha ya reli, basi. Nozeli mpya zinahitaji namba zake za fidia ziandikwe kwenye kompyuta, na pampu au valvu ya SCV (inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu) ikibadilishwa, pampu inahitaji kufundishwa upya. Kazi hizo zinataka Techstream, programu ya Toyota yenyewe, na kebo yake. Fundi anayefunga nozeli nne mpya na kutegemea ELM327 pekee hajamaliza kazi.

Ukishatengeneza, futa misimbo, endesha, kisha soma tena ile inayosubiri kabla ya kumlipa fundi. Halafu chomoa skana. Ikiachwa kwenye soketi hunyonya betri usiku kucha.