POR-15 kwenye Lincoln ya 1966: dawa ya kutu kwa sie tunaokaa kisiwani

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasiopenda kusoma parefu: hii rangi ya POR-15 inafanya kazi, tena hapa Unguja inafanya kazi vizuri sana, ila ukiipaka juu ya chuma chenye chumvi umetupa pesa yako. Wenye haja na maelezo endeleeni chini.

Gari yenyewe ni Lincoln Continental ya 1966, milango minne, ilikuwa ya ami yangu aliyekuwa anakaa Muscat, ikaja na meli hadi bandari ya Malindi hapa Unguja na skuhizi inalala chini ya banda la mabati nyumbani Fuoni. Ndugu yake mshaiona kwenye picha hata kama jina hamlijui, maana gari aliyopigiwa risasi Rais Kennedy kule Dallas tarehe 22 Novemba 1963 ilikuwa Lincoln Continental ya 1961, umbo ni lilelile la kunyooka, na milango ya nyuma inafungukia kinyume, mikono ya mlango wa mbele na wa nyuma inakutana katikati. Yangu ina urefu wa zaidi ya mita 5 na nusu, injini ni V8 ya inchi za ujazo 462, yaani kama lita 7.6 hivi, gia otomatiki. Hata waipa zake haziendeshwi na mota ya umeme kama gari nyengine, zinaendeshwa na hidroliki inayotoka kwenye pampu ya usukani, kila fundi aliyekuja kutizama lazima ainame chini ya boneti aone kwa macho yake. Mashaallah, hii ni gari.

Sasa kwa nini kutu ndo adui namba moja kwenye Lincoln kuliko Cadillac za wakati ule, hapa muelewe vizuri. Cadillac bodi lake limekaa juu ya chesisi, yaani fremu nzito ya chuma ya chini, sakafu ikiliwa unakata bati unaweka jengine na gari bado imesimama. Lincoln ya miaka ile haina chesisi ya peke yake, sakafu na zile kingo za chini ya milango na nguzo vyote vimechomelewa pamoja, hivyo ndo chesisi. Kwa hiyo sakafu ikioza ni mgongo wa gari umeoza, na gari yenyewe inapita tani mbili, inaanza kulegea katikati na utajua tu ukifunga milango, ile mistari ya mlango wa mbele na wa nyuma haikai sawa tena.

Tulipong'oa kiti cha nyuma na zulia, fundi wetu wa kuchomelea akachukua bisibisi akawa anagonga sakafu taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Kwengine inalia ngangangá, chuma kizima, alipofika karibu na kingo ya kulia sauti ikafa kabisa, puf puf, akabonyeza kidogo bisibisi ikazama mpaka mpini. Akaniambia "Sheikh, hapa si pa kupaka, hapa pa kukata." Na alikuwa na haki mia kwa mia. POR-15 wala rangi yoyote duniani haigeuzi kutu iliyotoboka ikawa chuma. Penye tundu pakatwe, na kabla ya kukata tukachomelea vyuma vya pembe kwenye nafasi za milango ili bodi lisijikunje, ndo tukaweka bati jipya. Na kuchomelea kote kuishe kwanza, maana rangi hii ukiichoma moto inatoa moshi wa sumu, msije mkafanya mchezo na hilo.

Penye kutu ya juujuu na vile vishimo vidogo vidogo, hapo ndo penye kazi ya POR-15. Kampuni wanataka hatua tatu, sabuni yao ya kutoa grisi, halafu dawa yao yenye asidi ya fosforiki ya kuandaa chuma, halafu rangi. Watu wengi wanaruka mbili za mwanzo ili wabane matumizi, wallahi msiruke. Ile asidi inaila kutu iliyojificha ndani ya vishimo na inaacha utando wa kijivu jivu wa zinki ambao rangi inaushika. Chuma kilaini kinachong'aa rangi hii haikipendi, inataka chuma kilichokwaruzwa, chenye sura mbaya, kwa hiyo bati lile jipya nalo lazima lipigwe msasa na lipate asidi.

Ila sie wa kisiwani tuna hatua nyengine, nayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko zote tatu: kutoa chumvi. Upepo wa bahari unaingiza chumvi kila pembe, inakaa ndani ya vile vishimo, na chumvi kazi yake kuvuta maji. Ukifungia chumvi chini ya rangi kutu inaendelea kula kimyakimya na juu unaona panang'aa. Sasa tukasugua kwa brashi ya waya, tukaosha kwa maji matamu, tukaacha pakakauka, tukaosha tena na tena mpaka ule wekundu wa kutu ukaacha kurudi haraka. Na maji yenyewe angalieni, visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi chumvi, ukioshea hayo hujafanya kitu. Sie tulitumia maji ya mvua tuliyokinga kwenye mapipa kutoka juu ya bati, hayo ndo bora kabisa na hayana gharama.

Kuhusu kukauka, hapa ndo POR-15 inapotofautiana na rangi zetu za kawaida za sokoni Darajani. Hii haikauki kwa jua wala kwa tina (thinner) kuruka, inakazwa na unyevu wa hewa, na unyevu kwetu hatununui. Inakaza haraka na inakuwa ngumu ajabu, nimeigonga na nyundo ndogo kwenye kipande cha bati cha majaribio nikapinda bati na rangi haikubanduka. Kwa hiyo nyumbani kwetu ni rahisi kuliko nchi za baridi kavu. Lakini unyevu ukizidi nao ni taabu, rangi inapokazwa inatoa gesi, na ukipaka nene wakati wa masika juu panafunga kabla gesi haijatoka, panabaki malengelenge. Ingojeeni kipupwe, pakeni nyembamba, na mkono wa pili wa rangi uingie ule wa kwanza ukiwa bado unanata kidogo ukigusa kwa kidole. Chuma chenyewe lakini lazima kiwe kikavu kabisa, unyevu wa hewani ni sawa, maji juu ya bati si sawa, msichanganye hayo mawili.

Kile kipande cha majaribio nilikitoa kwenye sakafu ileile ya zamani, nikakigawa viwili, kimoja nikapaka redioksaidi ya kawaida, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na chengine POR-15 kwa hatua zake zote, nikavitundika kwa waya kwa jamaa yangu anayekaa ufukweni Chukwani pale upepo unapopiga moja kwa moja. Cha redioksaidi kimeanza kuvimba pembeni na kutoa machozi ya kahawia. Cha POR-15 bado kizima, hata kwenye kingo, ila weusi wake umefifia kwa jua na unatoa unga unga. Hilo kampuni yenyewe wanasema, jua linaiharibu sura, kwa hiyo sehemu inayoonekana nje lazima ipakwe rangi nyengine juu yake. Chini ya gari na ndani chini ya zulia haina haja.

Kuna mambo ya kopo nayo. Usichovye brashi ndani ya kopo, mimina kiasi kwenye kikombe na kilichobaki kwenye kikombe usirudishe. Rangi ikiingia kwenye mdomo wa kopo ukafunga, kifuniko hakifunguki tena mpaka ukikate, weka plastiki katikati, mifuko ya rambo ilipigwa marufuku hapa 2006 lakini hata plastiki ya kufungia chakula inatosha. Kopo likishafunguliwa kwa hewa yetu hii haliishi muda, kwa hiyo nawashauri sana mnunue yale makopo madogo madogo ya pakiti ya sita badala ya kopo kubwa moja, japo kwa ujazo ni ghali zaidi. Vaeni glavu ndefu, ikikaukia kwenye ngozi hakuna tina wala petroli ya kuitoa, itatoka ngozi ikijibadilisha. Na maski iwe ya kuchujia mvuke wa rangi, si ile ya kitambaa, na banda liwe wazi pande zote.

Bei ndo inauma. Hapa Unguja sijaiona dukani, yangu imekuja na kontena kutoka Dubai, na kwa kuwa inashika moto msitegemee mtu akuletee kwenye begi la ndege. Ukijumlisha sabuni, asidi na rangi unakuwa ushanunua redioksaidi ya kupaka gari tatu. Kwa Lincoln yenye mgongo wake kwenye sakafu nalipa tena kesho asubuhi bila kufikiri mara mbili. Kwa gari ya kazini unayotaka isogee miaka miwili uiuze, chukueni redioksaidi, osheni chini kwa maji matamu kila mkitoka ufukweni, na pesa iliyobaki wekeni matairi.