Boma la Iringa: anzeni na kuta, vioo vya maonyesho baadaye

Wageni wengi hupita mlangoni wakikimbilia vyumba vya maonyesho, na jengo lenyewe wanalikosa. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali ya jeshi. Waingereza wakalifanya ofisi za utawala, serikali yetu ikaendelea nalo hivyohivyo, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa.

Zungukeni nje kwanza. Kwenye majengo ya umri huu angalieni mita moja ya chini ya ukuta, maana ugonjwa huanzia hapo. Plasta ya chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupenya na kukaukia nje. Fundi akiziba kwa saruji (na mafundi wetu wanaipenda saruji kupita kiasi!), maji hunaswa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache ya mvua inabanduka vipandevipande, pengine ikiondoka na uso wa tofali. Rangi ya mafuta huleta balaa lilelile.

Ndani kuna mila za watu wa mkoa huu na habari za Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, zimepangwa vizuri. Ila fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, msilitafute hapa. Liko Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini. Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale, ni barabara ya Mbeya, kilomita kama 20. Ukitoka asubuhi, yote matatu yanatosha siku moja.