Linux Mint Xfce kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu

Natumia Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, toleo la Xfce (lenye muonekano mwepesi), hapa Tanga kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Kwa anayeanza, sina cha kumshauri zaidi ya hiki. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zenye Intel ya kizazi cha 6 kurudi nyuma hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029, bure.

Faili lake la kusakinishia ni karibu GB 3, na bando likikatika njiani linaweza kuharibika bila wewe kujua. Lihakiki kwanza: ndani ya Windows fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256; itatoa namba ndefu ya utambulisho wa faili, uilinganishe na iliyo kwenye tovuti ya Mint. Ikipishana hata herufi moja, pakua upya. Lichome kwa programu ya Rufus kwenye flashi ya GB 8 isiyo na kitu chako, maana itafutwa yote.

Washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell, F9 kwa HP. Mint inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapa ndipo pa kutulia: jaribu sauti, kamera, na hasa Wi-Fi. Kadi za Broadcom ndizo sumbufu, kwa kuwa draiva zake (programu za kuendesha kadi) nyingi si huria. Dawa yake ni simu: iunganishe kwa waya wa USB, igawe intaneti, kisha fungua Driver Manager ya Mint uchague draiva.

Ukiridhika, sakinisha; ukitaka Windows ibaki pembeni ya Mint, kwanza zima Fast Startup, kipengele cha Windows cha kuwaka haraka. Isipozimwa, Windows haijifungi kikamilifu, na ukiwa Mint mafaili yake utayasoma tu bila kuweza kuyabadili. Saa ya Windows nayo inaweza kurudi nyuma saa tatu kamili, kwa sababu Linux huandika UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya mashine nasi tuko UTC+3. Ndani ya Mint fungua Terminal, andika timedatectl set-local-rtc 1.

Kinachonikera ni nyaraka za Word zenye fonti ya Calibri: kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, mistari inaweza kuhama. Weka fonti mbadala za Calibri, kifurushi cha fonts-crosextra-carlito, na kazi ya kuchapishwa steshenari ipeleke ikiwa PDF.