SingleFile kwenye kazi za sola: kurasa zinazofunguka hata bando likiisha

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Kama unataka ukurasa wa intaneti uwe faili moja lililo mkononi mwako, ulifungue popote hata bando likiwa limekata, mimi sijaona kiendelezi cha kivinjari (programu ndogo unayoiongeza kwenye Chrome au Firefox) kinachoishinda SingleFile. Ni cha bure, hakina matangazo, wala hakikulazimishi kufungua akaunti. Kina kasoro zake, na mojawapo usipoijua mapema itakuacha solemba.

Mimi ni fundi sola. Nafunga paneli na betri Dar es Salaam na Pwani, na mara nyingine naingia vijiji vya delta ya Rufiji, ambako ukishapanda boti Nyamisati mtandao ni wa kubahatisha. Huko ndiko unakutana na chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) usiyowahi kuigusa, karatasi yake ya maelezo ilishapotea zamani, na mwenye nyumba kakaa pembeni anakutazama mikono. Saa ile unataka jedwali moja tu: betri ya maji ya volti 12 ichajiwe hadi volti ngapi (kwa kawaida 14.4), ikishajaa ishikiliwe kwenye ngapi (13.5 hadi 13.8), ya lithiamu inawekwaje, na kitufe kipi unakibonyeza na kukishikilia ili uingie kwenye mipangilio. Yote hayo yapo mtandaoni. Ila wewe uko kisiwani na simu haishiki.

Njia za kawaida nilizitumia sana. Ukihifadhi ukurasa mzima kwa Chrome ya kompyuta, unapata faili la HTML na folda pembeni; faili likienda kwenye flashi bila folda lake, picha zote zinapotea. Chrome inaweza pia kuhifadhi kama MHTML, ambayo ni faili moja kweli, lakini Firefox haiifungui. PDF ni nzuri kwa barua na risiti. Kwa jedwali pana ni balaa: safu ya mwisho, ile ile yenye volti, inakatwa ukingoni mwa karatasi.

Halafu kulikuwa na Pocket, huduma ya kuwekea makala za kusoma baadaye. Ilianza mwaka 2007 ikiitwa Read It Later, Mozilla, wenye Firefox, wakainunua 2017, na tarehe 8 Julai 2025 ikafungwa. Kwa kusoma makala ilikuwa raha, sina ubaya nayo. Lakini ulichokuwa nacho kilikuwa orodha iliyokaa kwenye akaunti, na huduma ikifungwa inabidi uhame na vyombo vyako kabla ya siku waliyokupangia.

SingleFile, iliyoandikwa na Gildas Lormeau, inafanya kazi kwa namna nyingine. Unafungua ukurasa, unashuka hadi chini, unabofya alama yake na kusubiri kidogo. Inakusanya picha, fonti na mitindo yote, inavigeuza kuwa maandishi na kuvishona ndani ya faili lile lile la HTML. Picha ikigeuzwa hivyo inaongezeka uzito kwa takriban theluthi, kwa hiyo ukurasa wenye picha nyingi za nyaya na soketi unaweza kuwa na MB za kutosha. Mimi nimeridhika. Simu yangu ina nafasi kuliko bando.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakionekani ukifungua faili kawaida. Lifungue kwa programu ya kuhariri maandishi, utakuta pale juu kabisa anwani ya ukurasa ulikotoka na tarehe na saa ulipohifadhiwa. Kwetu mafundi hilo ni jambo kubwa. Watengenezaji hubadilisha maelezo kimyakimya, na mkianza kubishana na mwenzako kuhusu kiwango cha kuchaji, mnaangalia nani ana ukurasa wa lini.

Sasa ile kasoro. Kwa mpangilio wake wa awali, SingleFile inaondoa vitu vilivyofichika kwenye ukurasa. Kurasa nyingi za vifaa zimepangwa kwa vichupo: maelezo, vipimo, mipangilio. Ukihifadhi huku kichupo cha maelezo ndicho kiko wazi, jedwali la vipimo linaweza lisiwemo kabisa, na wewe utaligundua hilo juu ya bati la mtu. Ingia kwenye machaguo ya kiendelezi, sehemu ya maudhui ya HTML, utoe tiki ya kuondoa vilivyofichika. Kisha zima data, ufungue faili ulitazame kabla hujasafiri. Vichupo vyenyewe huenda visibofyeke tena, maana skripti (msimbo unaoendesha ukurasa) nazo haziingii. Video vilevile haziingii.

Jingine: kinahifadhi ukurasa kama unavyouona wewe. Kama umeingia kwa akaunti yako, jina lako na chochote kilichopo juu ya ukurasa vitakwenda na faili. Fikiria hilo kabla hujalirusha kwenye grupu la WhatsApp.

Kwenye Android kinakubali ndani ya Firefox. Chrome ya simu haipokei viendelezi. Na usidhani kinaokoa bando siku hiyo hiyo, maana ukurasa lazima upakuliwe kwanza. Unaokoa siku ya pili na zinazofuata.

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikaanza kusuasua, kazi zangu hazikusimama. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa imegeuka Rufiji, na kabrasha langu la kurasa nilizohifadhi likafanya kazi kama kawaida.

Kuna wanaoisifia WebScrapBook, kiendelezi kingine cha kuhifadhi kurasa, iliyorithi kazi ya ScrapBook ya zamani iliyoachwa njiani na Firefox 57 mwaka 2017. Kwa mtafiti anayetaka maktaba yenye faharasa inafaa. Lakini ukitaka uhondo wake wote inabidi uendeshe na seva ndogo ya Python kwenye kompyuta, na mimi siwezi kubeba hayo kwenye begi la bisibisi. Anayetaka Wikipedia nzima naye asihangaike kuhifadhi ukurasa mmoja mmoja. Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, ndiyo kazi yake.

Kinachobaki kunikera ni utafutaji. Mafaili yakishakuwa mengi, simu inatafuta kwa jina la faili tu, na jina linalowekwa lenyewe ni kichwa cha ukurasa pamoja na tarehe, refu na halisemi kitu. Kwa hiyo nayabadilisha yote siku ile ile: aina ya kifaa, volti, kisha mwezi na mwaka.